Maiki inayopiga shoti

SWALI: Tunaandaa harusi uwanjani. Umeme tunauvuta nyumba ya jirani kwa ekstensheni ya rola ya mita 50. Wiki iliyopita MC alitekenywa na maiki kila alipoishika. Mtu wa muziki akasema avae viatu, umeme wenyewe mdogo. Je, tukikodi jenereta tutakuwa salama?

JIBU: Viatu vilimfichia MC tatizo tu. Kagueni plagi ya amplifaya. Aghalabu utakuta ni ya pini mbili, imelazimishwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchokoa tundu la juu, lile la ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), kwa kalamu. Wengine hukata waya wa ethi makusudi ili spika zisivume. Amplifaya ya bodi la chuma ikikosa ethi, umeme kidogo unaopenya kwenye kichujio chake hubaki kwenye bodi na kufika hadi kwenye maiki kupitia waya wake. Ukipima unaweza kukuta volti 115 hivi, ila mkondo ni mdogo mno, ndiyo maana unatekenya tu. Siku waya wa moto ukilegea humo ndani na kugusa bodi, maiki ileile itabeba volti 230 na fyuzi haitakatika.

Rudisheni pini tatu, kisha fundi apime kama soketi ya jirani ina ethi kweli; nyumba nyingi zina tundu tu. Swichi inayokata umeme unapovuja, RCD ya miliampia 30, ifungwe nyumbani kwa jirani kabla ya rola, ili ilinde na waya wenyewe. Msiiegemee ikiwa ethi haipo: itasubiri umeme upite kwa mtu ndipo ikate.

Rola ikunjueni yote. Ile ya ampia 13 ikiachwa imeviringishwa haifai kupitisha zaidi ya 5 hivi, na birika moja la kilowati 2 linavuta karibu 9. Waya wa katikati hukosa pa kutolea joto, plastiki inayeyuka. Maungio yaninginizwe, yasilale kwenye majani.

Jenereta si dawa. Nyingi ndogo nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaunganishwa na bodi, hivyo hitilafu ya kwanza hupita kimya na RCD haioni kitu. Kitufe cha majaribio cha RCD kitakudanganya, kwani hukata hata nyutro ikiwa inaelea hivyo bila kuunganishwa. Mwachieni fundi aunganishe nyutro na bodi mahali pamoja, kabla ya RCD, na apigilie fimbo ya ethi ya mita 1.2 kwenye udongo wenye unyevu. Na jenereta isichomekwe kamwe kwenye soketi ya nyumba.