Muulize Mzee wa Santuri: "Poppa Joe" ina kosa gani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Kwenye duka la mitumba hapa Leicester nimenunua santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ya bendi ya The Sweet, "Poppa Joe". Naipenda mno. Rafiki yangu Mwingereza, mpenzi wa roki, anasema ni takataka, na kwamba bendi yenyewe haikupiga hata ala moja. Ni kweli?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la ala ni kweli. Wimbo ulitoka mwaka 1972. Watunzi ni Nicky Chinn na Mike Chapman, na mtayarishaji Phil Wainman alikuwa akiita studio wapigaji wa kukodi. Vijana wanne wa The Sweet waliachiwa kuimba tu. Wahakiki wa Uingereza siku zile walimheshimu anayetunga na kupiga mwenyewe, kwa hiyo nyimbo hizi wakaziita za bigijii: unatafuna, utamu unakwisha, unatema. Na vijana wa Uingereza kujifanya wako Karibi, na mapipa ya chuma ya Trinidad yakilia nyuma yao, hapo hata mimi siwatetei.

Lakini kwani kuimba ni kitu kidogo? Rudisha sindano, usikilize kiitikio. Sauti ya Brian Connolly inatangulia, halafu wenzake wanapanda juu yake, wamebanana kama ukindu wa mkeka. Hayo hawakukodiwa mtu.

Kwenye chati ya mauzo ya Uingereza "Poppa Joe" ilifika namba 11, wakati wimbo wao "Co-Co" mwaka uliotangulia ulifika namba 2. Ilipokuja "Block Buster!" ya 1973 na kushika namba 1, vijana wakiwa na rangi usoni na raizoni miguuni, nani tena angeikumbuka "Poppa Joe"?

Sasa igeuze santuri yako. Upande wa pili kuna "Jeanie", na huo wameutunga na kuupiga wao wenyewe. Ndivyo walivyogawana: upande wa mauzo wa Chinn na Chapman, upande wa nyuma wa bendi. Kuja kupiga ala zao kwenye upande wa kwanza, ni hadi "Wig-Wam Bam", baadaye mwaka huohuo.

Pangusa vumbi kwa kitambaa laini, kwa kufuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Kisha mwite rafiki yako umwekee "Jeanie", na usimwambie ni ya nani mpaka iishe.