Kidonge si salama kuliko sindano

Mdogo wangu, umeuliza kama Anadrol, steroidi ya kujenga misuli, ina nafuu kuliko steroidi za sindano kwa kuwa ni kidonge tu. Kwa ini ni kinyume kabisa. Oksimetholoni, yaani dawa iliyomo kwenye Anadrol, ambayo ni ya wagonjwa wa upungufu wa damu, imeundwa ili ini lisiivunje haraka, na ini ndilo linaloumia: manjano, uvimbe, hata vifuko vya damu vinavyoweza kupasuka. Kilo unazoongeza wiki za mwanzo nyingi ni maji. Presha inapanda, kolesteroli nzuri inashuka, korodani zinasinyaa. Kama umeshaanza na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au weupe wa macho umegeuka manjano, acha leo hii, nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wote. Usimfiche, tafadhali.