Lala chini ya gari kabla hujatoa pesa

Tangu masika yaanze, maswali mengi ninayoletewa ni ya 4x4 iliyotumika, yaani gari linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne: mtu anataka gari la kazini kila siku ambalo mvua ikinyesha halitamwacha njiani. Mimi ni fundi hapa Mombasa kwa miaka mingi, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumkagulia mtu gari kabla hajalipa. Nimechagua maswali sita. La kutu nimelijibu kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowaliza watu wa pwani.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mtwapa na nafundisha Kisauni. Kila mwisho wa mwezi naenda kwa wazee nje ya Kinango, na kilomita 6 za mwisho ni udongo mweusi. Ninunue 4x4 ama gari la kawaida latosha?* (Msomaji, Mtwapa)

Marahaba mwalimu. Anza kwa kuhesabu siku. Karibu mwezi mzima wewe uko kwenye lami na foleni. Udongo ni siku mbili. Siku hizo mbili zina uzito, maana ndipo wazee wanapokungoja, lakini mafuta na tairi utazilipia mwezi mzima.

Magari yanayoitwa 4x4 si ya namna moja. RAV4, X-Trail, CR-V na ndugu zao yana bodi iliyoundwa kama ya saluni. Kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia ya mbele yakianza kuteleza. Kwa njia yenye utelezi yatakufikisha. Kwa njia iliyochimbwa na malori, yatakaa kwa tumbo. Prado, Pajero, Hilux na Jimny ni jamii nyingine: yamesimama juu ya mihimili mikubwa au bodi iliyotiwa nguvu kwa kazi hiyo, na ukiweka 4L, yaani gia nzito ya magurudumu manne, gari linatambaa polepole kwa nguvu nyingi.

Kwa njia uliyonieleza, mimi ningekutafutia Suzuki Escudo la umbo lililoanza 2005. Si kubwa, linageuka vizuri mjini, na mengi yake yana 4L pamoja na kufuli ya difu ya katikati. Difu hiyo huyaachia magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo, na kufuli huyalazimisha yaende sawa. Nasema mengi, si yote, kwa hivyo tafuta alama hizo wewe mwenyewe kwenye swichi yake. Na weka akiba ya tairi nzuri. 4x4 yenye tairi kipara kwenye udongo mweusi ulioloa huzungusha magurudumu manne bure badala ya mawili.

*Assalaam aleikum. Nimeonyeshwa Prado Nyali, safi kabisa, rangi inang'aa, na chini limepakwa nyeusi kama jipya. Mwenyewe asema lilikuwa la mtu mmoja tu aliyekaa ufuoni. Bei imenivutia. Niangalie nini?* (Mama wa watoto watatu, Bamburi)

Waaleikumu salaam, dada. Hiyo nyeusi ya chini ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka.

Gari la miaka kumi, tena la ufuoni, halina sababu ya kuwa na chini jipya. Huenda mwenyewe alilipaka mapema ili kulikinga, na hilo ni jambo jema. Huenda pia rangi ilipakwa wiki iliyopita juu ya kutu. Ukiwa umesimama kando ya gari hutaweza kutofautisha. Lazima mtu alale chini.

Nikueleze nilichokutana nacho mwaka mmoja. Niliitwa kukagua gari la namna hiyo, nalo chini lilikuwa jeusi tii. Nikachukua bisibisi bapa, nikabonyeza mhimili wa chasi nyuma ya gurudumu la nyuma, pale unapopinda kupanda juu ya ekseli. Sikutumia nguvu. Bisibisi ikaingia hadi karibu na mpini, na mchanga mkavu ukanimwagikia kifuani. Mhimili ule una uwazi ndani. Mchanga na maji ya chumvi vilikuwa vimekaa humo miaka, chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje. Nje palibaki ngozi ya rangi. Mnunuzi alikuwa amesimama pale na pesa yake, nikamshukuru Mungu kwamba alikuwa hajaitoa.

Basi fanya hivi. Gari lipandishwe kwenye gereji utakayoichagua wewe, asikuchagulie muuzaji. Fundi agonge chasi kwa nyundo ndogo, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kikali. Kilicholiwa hutoa sauti nzito, iliyokufa. Atazame matundu ya kutolea maji kwenye mhimili: yameziba kwa mchanga? Atazame mahali springi za nyuma zinapokalia, kishikio cha tairi ya akiba, na hasa mabomba ya breki yanayopita kando ya chasi kwenda nyuma. Bomba la breki lenye mapele ya kutu silo la kujadiliana bei. Hilo hubadilishwa kabla gari halijatembea.

Uliza pia kama gari lilikuwa likivuta boti. Gari la kuvuta boti hurudishwa nyuma hadi majini kila safari, na maji ya chumvi hufika kwenye difu na beringi. Fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu ya nyuma, achovye kidole. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Jambo jingine ni mafuriko. Mvua za Novemba 2023 zilizamisha magari mengi pwani, na gari lililozama huoshwa na kuuzwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, uangalie ile sehemu ambayo huwa imejikunja ndani: alama ya matope hubaki huko. Pitisha mkono chini ya kiti kwenye reli zake. Funga vioo vyote dakika 10 juani, kisha ufungue mlango na unuse. Uvundo wa zulia lililooza haufichiki kwa manukato.

Kama chasi ni zima na nyeusi ile ni kinga ya kweli, nunua kwa moyo mkunjufu. Kama muuzaji anakataa gari lisipandishwe, jibu umeshapata.

*Fundi, Forester langu limekula tairi za mbele. Naweza kununua mbili tu mwezi huu?* (Msomaji, Tudor)

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Subaru yako huendesha magurudumu yote manne kila wakati. Tairi mpya mbele na zilizolika nyuma zina mzingo tofauti, kwa hivyo mbele na nyuma haziendi sawa, na kiungo cha katikati, kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kinasuguana kutwa nzima hata kwenye barabara iliyonyooka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Bora ungoje ununue nne, ama utafute mbili zilizotumika zenye unene sawa na hizo ulizo nazo.

Na kwa anayetaka kununua Forester: likiwa limepata moto, tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho na uende polepole kama mtu anayetembea. Likitetemeka na kujikaza kana kwamba mtu amelishika breki, kiungo kile kimeumia. Halafu pitisha tochi pale hedi (kichwa cha injini) inapokutana na bloku (mwili wake), kila upande wa injini, utafute oili au alama za maji ya rejeta. Injini za zamani za Subaru za aina ya EJ hutumia mkanda wa taimingi, unaofanya sehemu za ndani ya injini ziende kwa pamoja. Ukikosa ushahidi kwamba ulibadilishwa, weka bei yake kwenye hesabu.

*Prado la dizeli ama la petroli? Natoka Nyali kwenda Changamwe na kurudi, siku sita kwa wiki.* (Msomaji, Nyali)

Kwa njia hiyo, petroli. Najua watu wengi watapinga, kwa sababu dizeli ina nguvu na hunywa kidogo. Lakini Prado la dizeli la lita 2.8, lenye injini ya 1GD iliyoingia 2015, mara nyingi lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyaunguza masizi ekzosi ikipata moto wa kutosha, na moto huo hupatikana kwa mwendo mrefu wa barabara kuu. Safari yako ni fupi, na nusu yake umesimama darajani. Masizi yanajaa, taa inawaka, nawe unarudi gereji. Ungekuwa mtu wa kwenda Voi kila wiki, ningekujibu vingine.

Petroli ya 2.7 ni nzito kuamka, na gari lile si jepesi, kwa hivyo usitarajie kuokoa mafuta. Utapata injini nyepesi kutengeneza ambayo mafundi wengi wa hapa wanaijua. Usiogope ukiambiwa Prado linavuta magurudumu manne siku zote. Lina difu ya katikati inayoruhusu hilo kwenye lami. Ila usilifunge kufuli la difu hiyo kwenye lami kavu.

Onyo hilo lina uzito zaidi kwa wenye Jimny na pikapu kama Hilux au D-Max, ambazo nyingi hazina difu ya katikati. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hutembea mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Ukiwa umeweka 4H, yaani magurudumu manne kwa gia ya mwendo wa kawaida, kwenye lami kavu, vyuma vinalazimishwa kuzunguka sawa, na kinachokubali kushindwa ni transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) au propela (shafti inayopeleka nguvu hiyo). Kwa hivyo ukijaribu gari la namna hiyo, jaribu 4H na 4L kwenye mchanga au vumbi. Na ulijaribu kweli: 4L isiyoguswa miaka mitano mara nyingi imeganda.

*Niagize kutoka Japani ama ninunue mkononi?* (Msomaji, Majengo)

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima usukani uwe kulia. Kwa hivyo la kuagiza litakuwa jipya zaidi na ghali zaidi, na ushuru hupanda injini ikizidi sisi 1500. Faida yake ni kwamba halijaonja chumvi yetu. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani, na uisome: daraja la R au RA lina maana gari liligongwa likatengenezwa. Uliza pia lilitoka wapi. Kaskazini ya Japani hutia chumvi barabarani wakati wa theluji, nayo hula chini ya gari kama ya kwetu.

Ukinunua mkononi, namba ya chasi na ya injini uzisome kwenye chuma chenyewe, ulinganishe na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, herufi kwa herufi. Jina la benki likiwa pamoja na la muuzaji, deni bado lipo. Usimkabidhi mtu pesa zote kwa ahadi kwamba uhamisho utafanywa Jumatatu. Kaeni pamoja, uhamisho uanzishwe kwenye akaunti yake ya eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) mkiwa mmekaa.

*Mimi tayari ninalo, navuka feri ya Likoni kila siku na Jumapili twaenda Diani. Nilitunzeje?* (Msomaji, Shelly Beach)

Maji baridi, chini ya gari, kila wiki, na jioni ile ile ukitoka ufuoni. Watu huosha boneti na vioo, chini hawafiki. Mwambie kijana wa kuosha aingize mpira kwenye matundu ya chasi na ayaache maji yatoke hadi yawe safi, bila mchanga. Kisha liendeshe kidogo ukikanyaga breki, zikauke, kabla hujaliegesha usiku.