Kwa mnaoanza kukagua ikama za balozi zetu

Vijana mnaoingia kwenye ukaguzi wa ikama, yaani idadi na vyeo vya watumishi waliopangiwa kila ubalozi, hasa nyinyi wa Unguja na Pemba, kwanza ujueni mpaka wa kazi. Mambo ya nje ni ya Muungano. Idadi ya watumishi wa ubalozi wetu Muscat, Oman, haihojiwi Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi. Anayekagua ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Muungano, kwa Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti humfikia Rais, kisha Bunge la Dodoma.

Kabla ya safari, tafuteni orodha tatu: ikama iliyoidhinishwa, orodha ya mishahara, na majina ambayo ubalozi umeyapeleka kwa wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Hii ya tatu wengi huisahau, na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu Mkataba wa Vienna wa 1961 unautaka ubalozi utoe taarifa mtu anapoteuliwa, anapofika na anapoondoka moja kwa moja. Someni jina kwa jina, msiridhike na jumla. Jumla zinaweza kulingana na huku aliyehamishwa bado anahesabiwa, na mpishi au dereva aliyeajiriwa huko huko hayumo popote.

Mkifika, ombeni mikataba ya nyumba. Serikali humlipia afisa wake makaazi, na mkataba una tarehe, saini na jina la anayekaa. Uwekeni pembeni ya barua ya uhamisho. Afisa karejea nyumbani mwezi wa tatu, pango linaendelea hadi wa tisa: hapo mmeshapata hoja, yaani kasoro ambayo menejimenti lazima iijibu, na hamjamuuliza mtu kitu. Ada za skuli za watoto zikagueni vivyo hivyo.

Sasa lile linaloniuma. Tumezoeshwa kuona kwamba kukagua ikama ni kusaka waliozidi. Upungufu nao ni hoja, tena nzito. Fikirieni dada wa Kizanzibari anayefanya kazi za ndani Oman, pasipoti imeshikwa na mwajiri, amefika ubalozini kwa teksi ya kukopa. Afisa wa masuala ya raia ni mmoja tu, na siku hiyo yuko uwanja wa ndege anapokea ujumbe wa wageni kutoka nyumbani. Kwenye vitabu vya hesabu, nafasi ya pili iliyo wazi inasomeka kama fedha iliyookolewa. Mimi siihesabu hivyo hata kidogo.

Kwa hiyo pimeni kazi kwanza. Fungueni daftari la wageni na rejista ya pasipoti, mwone maombi yaliyoingia na siku alizosubiri kila mtu. Msiupime ubalozi wenye raia wetu wengi kwa kipimo cha ule ambao kazi yake kubwa ni mikutano. Wamarekani, baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam, walilazimika kujiuliza nani hasa anahitajika kuwepo kwenye kila kituo. Mwaka 2002 GAO, taasisi ya ukaguzi ya Bunge lao, ikatoa mizani ya mambo matatu: usalama, kazi na gharama. Sisi mara nyingi tunaanza na gharama na tunaishia hapo hapo.

Halafu kuna mgao wetu, ile asilimia 21 ya ajira za taasisi za Muungano kwa Zanzibar. Mkiukagua, tenganisheni vyeo. Jumla ikitimia kwa madereva na makarani huku dawati la uchumi na la siasa halina Mzanzibari hata mmoja, andikeni cheo kwa cheo, bila ya kulalamika wala kulaumu. Menejimenti itajibu takwimu. Manung'uniko wataweka kando.

Na hoja ya upungufu msiifunge kwa jibu la "tunasubiri kibali cha ajira". Takeni nakala ya barua ya maombi ya kibali na tarehe yake. Kama barua haipo, hoja ibaki wazi.