Mama ana vali ya bandia: meno yasafishwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, na mwaka 2021 alipasuliwa moyo akawekewa vali ya chuma. Anameza wafarini kila siku. Fizi zilikuwa zikivuja damu akipiga mswaki, akauacha. Sasa anasukutua maji ya chumvi tu. Kliniki moja imemtaka asimamishe wafarini wiki nzima ndipo akwanguliwe ugaga. Tufanyeje?
Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama asiache wafarini. Dawa hiyo ndiyo inayozuia damu kuganda kwenye vali ya chuma, na donge likijitengeneza hapo laweza kuiziba vali au kupanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, ilhali damu ya fizi kwa kawaida hukatika kwa kubana chachi dakika chache. Apime INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, siku moja hadi tatu kabla ya miadi na aende na karatasi ya majibu. Ikiwa haizidi 3.5, kwa kawaida kazi huendelea.

Kabla hajaketi kitini, amweleze daktari wa meno habari ya vali. Kukwangua ugaga huingiza bakteria kwenye damu, nao wakitua kwenye vali ya bandia huleta uambukizo unaoweza kuua. Ndiyo maana mtu mzima wa hali yake hupewa amoksisilini gramu 2 kwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza. Kama penisilini, jamii ya dawa hiyo, humdhuru, aseme mapema apangiwe nyingine. Akiandikiwa metronidazoli, dawa inayotolewa sana kwa maumivu ya fizi, akumbushe kwamba anatumia wafarini, kwa kuwa zikikutana damu huwa nyepesi kupita kiasi.

Lakini linalonisikitisha zaidi ni huo mswaki ulioachwa. Maji ya chumvi hayang'oi ukoga, na ukoga uliolala pale jino linapoingia kwenye fizi ndio unaoivimbisha fizi ikavuja. Mnunulie mswaki laini, aulaze kidogo ili nywele zifike kwenye ukingo huo, asugue polepole asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi. Siku za kwanza atatema mate yenye damu, asiogope, aendelee. Damu isiyokatika ndiyo ya kumpeleka hospitali.

Na akipata homa, hata miezi baadaye, asimeze dawa za malaria kwa kukisia. Apimwe malaria, na damu ichukuliwe kuoteshwa maabara, ionekane kama ina bakteria, kabla hajapewa antibiotiki yoyote.