Ukuta wa Boma unaungua pichani, mara unakuwa wa kijivu, tatizo ni kamera?

Swali: Habari kaka, niko Mtwara mjini, Shangani. Juzi nilienda Mikindani kupiga lile Boma la Wajerumani, ilikuwa saa saba mchana, kamera nimeiacha kwenye oto. Picha ya kwanza nilisimama mbali chini ya miti, ukuta ukaungua pee, yaani mwanga umezidi umebaki weupe mtupu. Nikasogea nikajaza ukuta peke yake, ukatoka wa kijivu kama saruji na vivuli vyeusi tii. Kamera mbovu? Mwezi ujao naenda Kilwa Kisiwani kupiga magofu.

Jibu: Nzuri dada, kamera yako nzima kabisa, na hizo picha mbili zina sababu moja. Kamera haijui kama ule ni ukuta mweupe au ni mti, yenyewe inapima mwanga wa fremu nzima halafu inataka wastani wake uwe kijivu cha katikati, basi. Ulipokuwa mbali fremu imejaa majani na kivuli ikaona giza, ikaongeza mwanga, ukuta ukaungua. Uliposogea ikaona weupe mtupu ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza, ndo ukapata saruji.

Kwahiyo wewe ndo uiambie. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-, ukuta mweupe ukijaa fremu ongeza kama +0.7 mpaka +1, miti ikitawala punguza -1 hivi halafu angalia. Ila kwa jua kali la kwetu mimi naweka M kabisa, yaani namba zote napanga mwenyewe: ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, apacha (tundu la lenzi) f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/400 ya sekunde, na ukuta mweupe kama ule naenda 1/500. Ukishapata namba zako jua halibadiliki ghafla, sogea mbele rudi nyuma ukuta unabaki vilevile, hata miti ikiingia haikusumbui. Wingu likipita ndo unapima upya.

Na piga RAW tafadhali, yaani faili ghafi la kamera badala ya JPEG, hili nalisisitiza sana. Kivuli cheusi kwenye RAW unakiinua kwenye kompyuta na unakuta vitu vipo, lakini sehemu iliyoungua kabisa hakuna cha kurudisha, ile plasta ya jengo la 1895 na mikwaruzo yake yote imeshapotea. Linda weupe kwanza.

Halafu usiamini skrini juani, inadanganya, kila picha utaiona ya giza utaongeza mwanga bure. Jifunike kanga kichwani na kamera, fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye giza kushoto na weupe kulia, kile kilima kisijibane ukingo wa kulia. Washa pia ile alamu ya sehemu zilizoungua, zinawakawaka zenyewe.

Kilwa sasa ni habari nyingine. Kuta za kule ni mawe ya matumbawe, nyingi rangi ya kijivu kijivu, kamera inazipima vizuri tu kama hujaingiza anga kubwa. Kinachotesa ni ndani ya Msikiti Mkuu, umesimama kwenye kivuli cha nguzo na matao na nje jua linawaka, hapo hakuna namba moja itakayobeba vyote. Weka tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, piga picha tatu, -2, 0 na +2, utaziunganisha baadaye kwenye kompyuta. Kama huna tripodi pima mwanga wa nguzo, nje kuungue kidogo sawa tu, watu wanataka kuona matao.

Saa saba acha, hasa Oktoba na Februari jua linakuwa utosini kabisa, ukuta unapigwa toka juu na matumbawe yanaonekana kama bapa. Lala Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, ongea na mwenye boti jioni ile ile ili saa kumi na mbili alfajiri muwe mnavuka, maana jua likiwa chini linapita ubavuni mwa ukuta na kila jiwe linatupa kivuli chake, mpaka saa mbili hivi. Saa hizo zile namba za mchana hazifai, mwanga ni mdogo na unabadilika kila dakika, rudi kwenye A au Av, ambapo wewe unachagua apacha na kamera inachagua shata, na hicho kitufe cha +/-.