Kwa mnaorisiti Fizikia mara ya pili, nilikuwa huko

Wadogo zangu niwaambie hili mapema maana mimi nilichelewa kulijua na limenila miaka miwili. Fomu foo nilipata divisheni foo ya pointi 28, Bayolojia C, Kemia D, Fizikia F iliyonyooka. Mimi nataka uklinikali ofisa, yaani utabibu, na vyuo vya afya wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini na humo ndani lazima ziwemo Kemia, Bayolojia na Fizikia, hata kwa D. Yaani kilichonikwamisha ni D moja tu, na D inaanzia maksi 30!

Akili yangu ya kwanza ilikuwa nikisafishe cheti chote. Nikajisajili masomo matano, nikaingia tuisheni ya jioni tumebanana kama dagaa, nikanakili notsi mpaka kauntabuku nne zikajaa, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mwandiko mtamu kweli. Mchana nipo kibandani natoa na kuweka pesa za watu, usiku nakesha. Januari matokeo yakatoka, Fizikia F. Baba mdogo akaniita, mwanangu hii ya udaktari achana nayo, katafute leseni uendeshe bajaji, na alisema kwa mapenzi kabisa, nusura nimsikilize.

Ila nilipozifungua zile kauntabuku nikaona kitu cha aibu: mwaka mzima sijajibu swali hata moja nikasahihishiwa. Nilikuwa hodari wa kunakili tu.

Nikaanza upya, somo moja, Fizikia basi. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wana ripoti zao za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, watu wanaziita CIRA, ziko kwenye tovuti yao bure, kila somo na kila swali, wanakuwekea hadi picha ya mwandiko wa aliyepatia na wa aliyeboronga. Wengi mnapakua pasti pepa mnaziruka hizi, sijui kwa nini. Mimi nilikuta makosa yangu mle kama vile wamenipiga picha mwenyewe.

Halafu nikamfuata mwalimu mmoja wa sekondari ya kata, nikamwambia ticha sihitaji unifundishe, naomba unisahihishie tu. Alicheka lakini akakubali. Maswali mawili kila siku, naandika saa 11 alfajiri kabla sijafungua kibanda, jioni nampelekea. Siku ya kwanza lilikuwa swali la springi, nguvu nyutoni 2, imerefuka sentimita 4, tafuta konstanti yake. Nikagawanya 2 kwa 4 nikaandika 0.5 roho kwatu. Akaizungushia duara, pembeni akaandika "0.5 nini? Machungwa?" Kumbe sentimita nilitakiwa nizigeuze mita kwanza, 2 kwa 0.04, jibu nyutoni 50 kwa mita. Kosa hilohilo nimelirudia miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia, maana hakuna niliyemuonyesha.

Kila baada ya wiki nne nafanya pepa nzima, masaa matatu, simu nimezima. Ya kwanza nikapata 14. Ya pili 17, hapo nikaona alfajiri inalipa ila diskasheni ya Jumamosi tunapiga stori tu za mpira, nikajitoa, ule muda nikaupeleka kwenye praktiko kituo chenye maabara. Ya tatu 31, nililia kidogo, sikatai.

Ada ya mtihani niliilipa mapema makusudi ili siku nikikata tamaa (na zipo nyingi) nisiweze kutoroka. Na msije mkanielewa vibaya, kuna mtu Jumatatu anasoma kwa video, Alhamisi kahamia tuisheni nyingine, wiki ijayo kanunua pamfleti mpya, huyo anakimbia pepa, hajabadilisha kitu. Ipe njia yako wiki nne, ipime kwa pepa, ndipo uihukumu.

Nilipata D. Ndiyo D, cheka tu, chuo walinipokea nayo. Sasa hivi niko mwaka wa pili, na mwaka wa kwanza anatomia nilianza tena kunakili notsi kwa wino mwekundu, wiki ya tatu ndo nikashtuka nikaenda kumtafuta mtu wa kunisahihishia.